Kabla rigi haijashuka mbugani, chukueni maji kwanza

Baba mdogo alinipigia simu saa tatu usiku, muda ambao huwa hapigi kabisa, nikajua kuna msiba nyumbani Manyoni. Kumbe sio msiba. Akaniambia, "Mwanangu, huku wanasema wale wa urani wanarudi tena." Akanyamaza kidogo alafu akauliza kitu ambacho ndo kimenifanya nikae chini niandike: "Hivi maji yetu ya kisimani kuna mtu alishawahi kuyapima?"

Sikuwa na jibu. Na mimi ndo yule kijana wa ukoo anayeambiwa kasoma mambo ya mawe.

Kwanza hilo neno "tena", maana vijana wengi wa sasa hivi wanadhani habari ya urani, haya madini ya kuendeshea vinu vya umeme wa nyuklia, kwetu imeanza juzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilirushwa karibu nchi nzima kupima mionzi na usumaku wa miamba kutokea angani, na ukanda wa Bahi na Manyoni ukaonekana una alama. Wajerumani wa kampuni ya Uranerzbergbau wakaja kufuatilia alama hizo chini, wakazunguka kwenye mbuga zetu, yaani yale mabonde tambarare ambako maji ya mvua yanatuama, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakafunga mizigo wakaondoka. Bei ya urani ilikuwa imeanza kuporomoka, ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Marekani mwaka 1979 iliwatia watu hofu na oda za vinu vipya zikakauka. Urani yetu ilibaki pale pale ilipo.

Ikapita miaka zaidi ya ishirini, bei ikapanda mpaka ikavuka dola 130 kwa paundi katikati ya 2007, dunia nzima ikawa inatafuta urani kama watu wanavyokimbilia dhahabu, na Waaustralia wa Uranex wakaja na rigi, ile mashine ya kutoboa mashimo marefu ardhini. Hao walichoronga kwelikweli. Hesabu waliyotangaza kwa Manyoni ilikuwa kama paundi milioni 29 za oksidi ya urani, kwenye udongo wenye wastani wa gramu 144 hivi kwa tani moja. Alafu Machi 2011 ikatokea ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima kule Japani, bei ikashuka mwaka hadi mwaka mpaka chini ya dola 20 mwaka 2016, na kampuni yenyewe ilishabadili jina ikaitwa Magnis na kuhamia kwenye madini ya kinywe kule Ruangwa. Januari 2024 bei ikavuka dola 100 tena, na mwaka huo huo kampuni nyingine ya Australia, Moab Minerals, ikauchukua mradi wa Manyoni. Yaani ukitaka kujua lini rigi itarudi mbugani kwetu usimuulize mganga wala mbunge, angalia bei ya urani.

Mi sipingi uchorongaji, niliseme mapema ili mtu asisome nusu akaanza kunitukana. Mashimo ya utafiti sio mgodi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la nyumbani kuna mtu aliandika wakichoronga tu watoto watazaliwa vilema, hiyo sio kweli na inatuharibia hoja. Gramu 144 kwenye tani nzima ya udongo ni kidogo sana, na mionzi ya urani ambayo haijasafishwa sio ile ya kumuunguza mtu aliyesimama pembeni ya shimo. Hatari ya kweli iko kwenye vumbi unalovuta siku nzima, kwenye gesi ya redoni inayojikusanya sehemu isiyo na hewa kama ghala la sampuli, na zaidi ya vyote iko kwenye maji. Hapo kwenye maji ndo nataka tukae.

Urani ya Manyoni haiko kama ya Mkuju kule Namtumbo, ambako imelala ndani ya mawe ya mchanga na serikali imeshazindua mtambo wa majaribio Julai 2025. Ya kwetu ni ya mbugani. Ukanda wetu umejaa matale, yaani granite, na ndani ya matale kuna urani kidogo kidogo ya asili. Mvua ikinyesha maji yanapita juu ya mawe hayo na kwenye nyufa zake, yanabeba kale kaurani kadogo, yanateremka mpaka mbugani. Mbuga za kwetu hazina mlango wa kutokea, maji hayaendi baharini, yanakaa pale mpaka jua liyanyonye. Kila aliyekulia Manyoni au Bahi anajua jua likishanyonya maji kinachobaki ni ule weupe wa chumvi, ukitembea unavunjika kama ganda la yai. Sasa fikiria hiyo imefanyika kwa maelfu na maelfu ya miaka, na pamoja na chumvi na chokaa yakajijenga madini ya njano yanaitwa kanotaiti, ambayo ni urani imeshikana na vanadi na potasiamu. Inakaa kwenye udongo wa mfinyanzi na tabaka gumu la chokaa, mita chache tu kutoka juu.

Mita chache tu. Hebu rudia hiyo sentensi kichwani alafu fikiria kisima cha baba mdogo.

Nilikipima Desemba iliyopita kwa kamba ya ndoo, kutoka kwenye gogo la mdomoni mpaka kwenye maji ni mita sita na nusu, na chini yake maji yana kama mita moja. Amekichimba kwa sururu na ndugu zake, wamekutana na udongo mweusi, alafu wa kijivu, alafu tabaka jeupe gumu ambalo anasema liliwavunjia mipini miwili, alafu maji. Lile tabaka jeupe ndo aina ya tabaka ambalo wanajiolojia wa urani wanalitafuta. Sisemi kisima chake kina urani. Ninachosema ni kwamba rigi na ndoo za kwetu vinashuka kwenye udongo ule ule, kina kile kile, na mpaka leo udongo umepimwa kwa hela na utaalamu, ila majibu ya maji ya kisima chetu hatuna.

Na hii ndo hoja yangu yote, haina mbwembwe: kabla mtu yeyote hajateremsha rigi mbugani, maji ya kila kisima cha karibu yachukuliwe, yapimwe maabara, majibu yaandikwe kwa Kiswahili yabandikwe ofisi ya kijiji. Sio baada ya mgodi kuanza, wala sio siku ya tathmini ya mazingira ambayo huenda isifike kabisa bei ikishuka. Kabla.

Kwa nini kabla? Kwa sababu kwenye mbuga ya namna hii maji yanaweza kuwa na urani ya asili hata kama hajawahi kuja mzungu yeyote. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 30 kwa lita kwa maji ya kunywa, na sababu kubwa sio mionzi hata, ni figo, urani ni metali nzito na inaumiza figo kama zebaki au madini ya risasi yanavyoumiza mwili. Ikikutwa kisima kina 5, vizuri, tunajua tulipoanzia, na mwaka wa tatu ikifika 40 tuna pa kushika. Ikikutwa ni 60 leo hii kabla ya shimo hata moja, basi kampuni haina kosa lolote hapo ila watu wetu wanakunywa maji mabaya, na wanatakiwa watafutiwe chanzo kingine mgodi uje au usije. Kote kuwili kijiji kimefaidika. Bila kipimo cha mwanzo yanabaki maneno, mwanakijiji anasema maji yamebadilika, kampuni inasema yalikuwa hivyo hivyo, na hakuna hata mmoja anayeweza kumuonyesha mwenzake karatasi.

Sasa niwaambie kwa nini nina uchungu na mashimo. Nilishafanya kibarua cha uchorongaji, sio kwetu na sio urani, ilikuwa dhahabu mkoa mwingine, jina la kampuni nalihifadhi. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya saikloni, lile dude linalotenganisha upepo na mchanga unaotoka shimoni, nashika mfuko, kila mita moja mfuko mmoja, unajaa unakuwa na kilo kama 30, naufunga, naandika namba kwa makapeni, naweka kwenye mstari. Rigi inaunguruma mpaka meno yanatetemeka na vumbi la kijivu linakuganda kwenye kope. Mjiolojia anapita anachukua konzi kwenye kila mfuko, anaosha kwenye chujio, anapanga vipande kwenye trei lenye vyumba vidogo vidogo kama la barafu. Ilikuwa kazi nzuri, nilijifunza mengi na nililipwa.

Tatizo lilikuwa kufunga. Shimo likiisha linatakiwa bomba la plastiki la mdomoni likatwe chini ya usawa wa ardhi, liwekwe kizibo, lifukiwe na udongo ushindiliwe. Ya kwetu mengi tuliyaacha bomba limesimama, msimamizi akasema tutarudi. Ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi nikapita kwenye shimo moja njiani, bomba limepasuliwa na ng'ombe, na maji ya juu yanaingia mle yanazunguka kama yanavyozunguka kwenye sinki, yameviringisha majani na mavi ya ng'ombe yanashuka nayo, mita 80 kwenda kwenye maji ya chini. Nilisimama pale muda mrefu. Shimo la utafiti lisilozibwa ni mrija tu, kilichoko juu kinaenda chini, na maji ya tabaka moja yanaingia tabaka lingine. Hatukurudi kuyaziba, mkataba uliisha.

Kwa hiyo mtu akiniambia eneo lina "historia ya utafiti" na kwamba hiyo ni sifa nzuri, mi nauliza mashimo ya historia hiyo yako wapi, yako mangapi, na kila moja limezibwa na nani. Kampuni mpya ikinunua mradi wa zamani inanunua na ramani ya mashimo yale yote, inajua kila moja liko wapi. Tena inabidi irudi pale pale, kwa sababu hesabu za zamani haziaminiki moja kwa moja, lazima wachoronge mashimo pacha pembeni kabisa ya yale ya zamani walinganishe majibu. Na kwenye urani ya mbugani hiyo ni lazima zaidi, maana kile kifaa kinachoteremshwa shimoni hakipimi urani yenyewe, kinapima mionzi ya gama ambayo inatoka hasa kwenye watoto wa urani, yaani elementi ambazo urani inageuka polepole kuwa, kama radiumu na wenzake wanaofuata. Madini ya mbugani bado ni machanga na maji yanayahamisha hamisha, unaweza kukuta urani imekuja hapa na watoto wake hawajazaliwa bado, au urani imeshaondoka na maji ikawaacha watoto. Ndo maana sampuli lazima ziende maabara zipimwe kwa kemikali.

Umeona hapo? Sayansi yao wenyewe inakiri kwamba urani ya mbugani inatembea na maji. Basi na maji yapimwe.

Na haihitaji fedha za ajabu. Tume ya Nguvu za Atomu ina maabara Arusha inayopima mionzi kwenye maji na vyakula, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, kutoka Manyoni unaenda asubuhi unarudi jioni. Kuchukua sampuli kwenye visima 30 au 40 ni kazi ya wiki moja, na gharama yake ukiiweka pembeni ya bei ya kukodi rigi utaona aibu kwamba tunajadili. Serikali baada ya mabadiliko ya sheria ya 2017 ina hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye mgodi mkubwa ukianza, kwa hiyo ni mbia mtarajiwa, na mbia naye anatakiwa ajue maji yakoje leo. Taarifa za uchorongaji kampuni zinazituma kwenye soko la hisa la Australia kwa Kiingereza, mwenye hisa Sydney anajua kila mita ya shimo la Manyoni ina nini. Baba mdogo anaishi juu yake na hajui.

Madiwani wa kwetu mkisoma hii, kwenye kikao cha kutambulisha mradi msiulize ajira tu. Ajira za uchorongaji ni vibarua wachache kwa wiki kadhaa, nimezifanya nazijua. Ombeni orodha ya mashimo ya zamani na namba zake za GPS, ombeni kizibo cha kila shimo kikaguliwe na mwenyekiti wa kitongoji akiwepo na asaini, na ombeni majibu ya maji kabla.

Mimi nimeshamtumia baba mdogo chupa sita safi kwa basi. Nimemwelekeza asuuze kila chupa mara tatu kwa maji ya kisima kile kile, ajaze mpaka juu, aandike tarehe na jina la kisima, asiiache juani. Jana kanitumia picha, chupa ziko dirishani kwake kwenye kivuli, za kisima chake, cha kanisani na cha kwa jirani, mbili mbili. Jumatatu zinaenda maabara.