Kilimanjaro ya Desemba na mabegi tunayofunga vibaya

Kila ikifika Oktoba napokea swali lile lile. Mtu ameshaomba likizo, kundi la WhatsApp limeshaundwa, wamekubaliana Desemba 9 iwakute kileleni, halafu mmoja wao anasoma mahali kwamba Desemba si msimu wa kupanda. "Dada, au tusubiri Agosti?" Namuuliza: Agosti kazini watakupa likizo? Hapo kimya.

Miongozo mingi ya kupanda Kilimanjaro imeandikwa kwa ajili ya mgeni anayeweza kuchagua wiki yoyote ya mwaka. Sisi wengine tunapanda likizo inapopatikana. Na Desemba ina uzito wake: Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyepeleka bendera na Mwenge juu kule. Huwezi kumwambia Mtanzania asubiri Agosti kwa sababu ya manyunyu.

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi ya waongozaji hawakubaliani nami: mwezi unaamua utalowa kiasi gani siku mbili tatu za mwanzo. Baridi ya kilele haina mwezi. Ukifunga begi kwa ajili ya ule usiku mmoja wa kilele, Desemba inapandika. Ukilifunga kwa ajili ya picha, hata Agosti utashuka unalia.

Kalenda haina mambo mengi. Masika huanza Machi na kukolea Aprili hadi Mei, na hiyo ndiyo miezi pekee ambayo namwambia mtu aache, maana njia za msituni hugeuka tope la kufika kwenye goti. Juni hadi Oktoba ni pakavu, ila Julai na Agosti baridi yake ni kali na kambi zinajaa watu. Januari na Februari pia ni pakavu, tena pana nafuu ya joto. Kama ningeruhusiwa kuchagua, ningechagua hapo. Katikati ndiyo vuli, Novemba na sehemu ya Desemba: asubuhi mara nyingi kweupe, mchana mawingu yanapanda, jioni inanyesha.

Jambo ambalo watu hawaulizi ni upande. Mvua ya Kilimanjaro inaletwa na pepo za Bahari ya Hindi, nazo hugonga mlima upande wa kusini na mashariki. Ndiyo maana njia za Machame, Umbwe na Marangu zimejaa msitu mnene, wakati njia ya Rongai, upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, ni pakavu zaidi. Kama likizo yako imeangukia kwenye vuli, kubadilisha njia kutakusaidia kuliko kubadilisha mwezi. Tena mvua yenyewe ina mipaka yake ya urefu. Inanyesha sana msituni, kati ya mita 2,000 na 3,000, kisha inapungua kadiri unavyopanda. Ukivuka mita 4,000 umeingia jangwani, na kinachoanguka huko juu mara nyingi ni theluji kavu ya kupangusa kwa mkono.

Sasa baridi. Fanya hesabu hii mwenyewe. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Mji wa Moshi uko chini kidogo ya mita 900, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Tofauti ni mita 5,000, sawa na nyuzi 30. Yaani mtu wa Moshi akiwa na kaptula kwenye nyuzi 30 za mchana, juu kule wakati huo huo ni sifuri. Huo ni mchana. Wewe kilele unakipanda usiku, unaondoka kambini karibu na saa sita, na upepo juu yake. Nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida, 15 haimshangazi mtu.

Wanaochunguza mimea ya milima ya ikweta husema huko ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Ukifika kambi ya Barranco jioni utaiona hiyo kwa macho. Kuna miti ya ajabu, mirefu kuliko mtu, yenye kichwa cha majani kama kabichi kubwa. Hiyo ni senesio. Jua likizama majani yake hujikunja kuelekea ndani, yakafunika kichipukizi kisigande, na asubuhi yanafunguka tena. Majani makavu nayo hayadondoki, yanabaki yameuvaa mti kama koti. Mara ya kwanza niliupita tu. Nilipopita tena nilisimama nikauangalia kwa aibu, kwa sababu ulikuwa umevaa vizuri kuliko mimi nilivyovaa mara ile.

Mara ile ilikuwa mwishoni mwa Agosti, msimu mzuri kabisa, njia ya Machame. Tuliondoka kambi ya Barafu, mita 4,600 na kitu, kabla ya saa sita usiku. Nilikuwa na jozi moja tu ya glovu za uzi, zile za kuvaa asubuhi ya Julai Arusha. Baada ya saa mbili tatu nikataka kufungua zipu ya jaketi nitoe biskuti, vidole vikakataa. Navitazama kwa mwanga wa tochi, viko pale, lakini ni kama vya mtu mwingine. Mwongozaji wetu, mtu mzima mwenye mvi, hakusema neno. Aliingiza mkono kifuani, akatoa soksi nene za sufu zikiwa na joto la mwili wake. "Dada, vua hizo. Vaa hizi mikononi. Vidole vikae chumba kimoja, vipashane joto."

Huo ndio utaalamu wote wa glovu. Zile zenye vidole vilivyotengana ziwe za ndani, nyembamba. Juu yake unavaa nene za chumba kimoja, kidole gumba tu ndicho kinajitenga. Ukikosa, soksi.

Usiku ule maji yangu pia yaligoma. Nilikuwa na mfuko wa maji wenye mrija, na maji ya kwenye mrija yaliganda kabla ya yale ya mfukoni. Chupa ya mwenzangu ilikuwa nzima kwa sababu aliifunga kwenye soksi na kuigeuza kichwa chini. Maji huanza kuganda kwa juu, kwa hiyo barafu ilikuwa upande wa kitako na mdomo ukabaki wazi. Simu yangu ilikuwa na chaji zaidi ya nusu, ikazima Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, kwa sababu betri haipendi baridi na mimi niliiweka mfuko wa nje. Picha yangu ya kilele ya mara ya kwanza haipo. Simu ilale na wewe ndani ya mfuko wa kulalia, na usiku wa kilele ikae karibu na ngozi.

Adui mwingine ni pamba. Tisheti ya pamba na jinzi ndiyo mavazi yetu ya safari, na ndiyo yanayotuua mlimani. Msituni unatoka jasho, pamba inalinywa, haikauki. Ukisimama dakika kumi kula, umevaa maji baridi. Nguo ya kugusa mwili iwe ya polyester ile ya jezi, au sufu. Juu yake sweta la joto, kisha jaketi nene, kisha koti jepesi la kuzuia mvua na upepo. Sababu ya kuvaa nyingi badala ya moja nene ni kwamba utavua na kuvaa mara sita kwa siku. Kanuni ya waongozaji ni kuanza kutembea ukihisi ubaridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto, nusu saa mbele umelowa jasho.

Wala usiogope gharama. Mitumba imetuokoa. Pale Memorial, Moshi, ukiwa na subira unapata jaketi la mlima ambalo jipya lingemaliza mshahara. Koti la mvua lipime: kunja kitambaa kama bakuli, mimina maji, subiri dakika tano uone kama yanapenya. Kitu kimoja tu nakukataza kununua mtumba, nacho ni buti. Buti lililokaa miaka stoo gundi yake na soli yake vimezeeka hata kama juu linang'aa, na soli hubandukia njiani, siyo sokoni. Nunua jipya au kodi mapema, kisha livae wiki kadhaa ukienda dukani, kanisani, popote, hadi liujue mguu wako. Na ukate kucha za miguu siku mbili kabla ya safari. Watu wanaogopa kupanda, lakini kucha zinang'oka wakati wa kushuka kwenda lango la Mweka, vidole vinapogonga mbele ya buti kwa saa nyingi.

Jua nalo tunalidharau. Nimesikia mara nyingi kwamba sisi weusi hatuungui. Kaulize midomo yangu. Juu kule hewa ni nyembamba, miale inapita, na penye theluji inakurudia kutoka chini. Niliungua puani kwa ndani, mahali ambapo hata sikujua panaungua. Mafuta ya kujikinga, ya midomo pia, na miwani inayofunika macho vizuri, maana macho nayo huungua, na usiku wake utadhani umetiwa mchanga.

Mifuko ya rambo sahau, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mlimani. Kwa hiyo ndani ya begi kubwa nguo zikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Kwa safari ya Desemba huo mfuko ni muhimu kuliko koti lenyewe. Koti likilowa unalikausha, mfuko wa kulalia ukilowa usiku wa kwanza umeshaharibu safari. Na kumbuka begi hilo linabebwa na mtu kichwani. Mzigo wa mgumu, kama wapagazi wanavyojiita, mwisho wake ni kilo 20, na ndani ya hizo kuna mahema na chakula. Kabla ya kuongeza jozi ya tatu ya viatu, angalia yeye amevaa nini miguuni.

Dawa za kichwa na tumbo beba. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari wako, siyo mimi, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Ninachoweza kusema ni kwamba kileleni oksijeni ni karibu nusu ya ile ya pwani, na hakuna jaketi linaloziba pengo hilo. Siku moja ya ziada njiani ndiyo inayoziba. Safari ya siku tano ni rahisi kwa mfuko, ngumu kwa mapafu. Kama bajeti inakubana, punguza vifaa vya kununua, kodi vingi, hiyo tofauti iweke kwenye siku ya sita au ya saba.

Safari yangu ya pili ilikuwa Desemba, kupitia Rongai. Ilinyesha jioni mbili, mara moja kwa saa nzima, nasi tuko ndani ya hema tunacheza karata. Usiku wa kilele nyota zilikuwa nyingi mpaka tochi ikawa kama mapambo. Baridi ilikuwa ile ile ya Agosti, na safari hii vidole vyangu vilifungua zipu bila kuuliza.

Juzi kundi la mwaka huu wamenitumia picha ya mizigo yao imetandazwa sakafuni, niikague. Nimehesabu jinzi tatu, spika moja kubwa, na glovu mbili za uzi kwa watu watano. Nimewajibu kwamba jinzi zibaki, spika ibaki, na kila mmoja aongeze jozi mbili za soksi nene za sufu. Mmoja ameuliza za nini zote hizo, miguu si miwili?