Kesi Fupi, Kilio Kirefu

Siku chache zilizopita nilihudhuria mjadala kuhusu uhalifu wa kivita, na mwanasheria mmoja mzoefu, tena mtu ninayemheshimu, akatushauri kwamba dawa ya kesi za kimataifa zisizokwisha ni kupunguza mashtaka: chagua kosa moja au mawili yaliyo rahisi kuthibitisha, mtie mshtakiwa hatiani, yaliyobaki waachie wanahistoria. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mikono yangu ilibaki mapajani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana naye kimoyomoyo, jambo lisilomfaidi yeyote. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika.

Tuanze na Taba. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa eneo hilo la Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alipoanza kusikilizwa mwezi Januari 1997 mjini Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa kwa ajili ya Rwanda, hati yake ya mashtaka haikugusa ubakaji hata kwa neno moja. Akapanda kizimbani shahidi ambaye kumbukumbu za mahakama zinamtambulisha kwa herufi J tu, akaeleza kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na Interahamwe watatu, yaani wanamgambo wa Kihutu walioongoza mauaji yale. Majaji wakamuuliza zaidi, naye akajibu kwamba alisikia wasichana walibakwa hata kwenye ofisi ya meya. Baada yake alikuja shahidi H, aliyesema kwamba yeye mwenyewe alibakwa katika shamba la mtama, na kwamba aliwaona wanawake wengine wakibakwa nje kidogo ya uwanja wa ofisi hiyo hiyo. Mwezi Juni hati ya mashtaka ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikatamka jambo ambalo hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kulitamka: kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Katika jopo la majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Alipime msomaji mwenyewe.

Leo hukumu ile inafundishwa kana kwamba ilikuwa lazima itokee. Haikuwa lazima hata kidogo. Ilitegemea mama mmoja kusema jambo ambalo hakuitwa kulisema, na majaji waliokubali kesi yao irefuke.

Sasa tazama kilichotokea pale ambapo ushauri kama wa yule mwanasheria, rafiki yangu, ulifuatwa. Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, mashariki mwa Kongo, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, basi. Ilikuwa kesi ya kwanza ya mahakama hiyo kusikilizwa, nayo ilipunguzwa ikapunguzika. Mashahidi walipoanza kutoa ushahidi mwaka 2009, wakaeleza walichofanyiwa wasichana kambini: mchana ni wapishi na wapagazi, usiku ni wake wa makamanda bila hiari yao. Mawakili wa waathiriwa waliomba makosa hayo yazingatiwe, majaji wawili kati ya watatu wakakubali, lakini Desemba mwaka huo huo majaji wa rufaa wakakataa. Lubanga alipohukumiwa miaka 14, mwaka 2012, majaji walimkemea waziwazi mwendesha mashtaka wa awali kwa jinsi alivyolishughulikia suala la ukatili wa kingono. Kemeo zuri sana. Halikumfaa msichana hata mmoja.

Ulipofika wakati wa fidia, majaji wa rufaa walisema, mwaka 2015, kwamba Lubanga hawezi kubebeshwa fidia ya ubakaji kwa kuwa hakupatikana na hatia ya ubakaji. Kisheria sina pa kuwashika. Na wanavijiji walioshambuliwa na kundi lile? Nao hawakuwa waathiriwa wa kesi hii, kwa sababu hakuna kifungu cha mashtaka kilichowataja. Waliotambuliwa ni watoto waliobebeshwa bunduki pamoja na jamaa zao. Sisemi kwamba watoto wale hawakustahili, maana walistahili kila senti. Ninachosema ni kwamba hati ya mashtaka haimhusu mshtakiwa peke yake. Ndiyo inayoamua nani ataitwa mwathiriwa na nani ataambiwa arudi nyumbani, na uamuzi huo hufanywa ofisini na watu wanaohesabu uwezekano wa kushinda, kabla aliyetendewa hajaulizwa lolote.

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kutafsiri maelezo ya mashahidi kwa taasisi moja ndogo. Fomu ilikuwa na nafasi pana ya mali iliyoporwa, na mwishoni kabisa mistari miwili iliyoandikwa «mengineyo». Mama mmoja alitaja mabati 22 na cherehani yake bila kusita, kisha akasema, «waliniharibu», akanyamaza. Mwandishi wa maelezo alijaza kwamba shahidi alipata madhara. Aliyelelewa na Kiswahili hahitaji kufafanuliwa neno hilo linapotoka kwa mama aliyeinamisha kichwa. Nilipoomba lirekebishwe, niliambiwa kwa upole kwamba kesi inayoandaliwa ni ya uporaji.

Nakiri, shingo upande, kwamba wanaopenda kesi fupi wana hoja. Slobodan Milošević, aliyewahi kuwa rais wa Serbia, alishtakiwa kwa makosa 66 yaliyohusu Kosovo, Kroatia na Bosnia, kesi yake ikaanza Februari 2002, naye akafia mahabusu Machi 2006 bila hukumu. Hakuna mwathiriwa anayefaidika na kesi inayomalizwa na jeneza. Lakini dawa ya upishi mbaya si kufunga jiko. Mashtaka yanaweza kupangwa na mashahidi kuchujwa bila kufuta aina nzima ya mateso. 

Rafiki yangu atasema kwamba hatimaye wasichana wa Ituri walisikilizwa, kwa kuwa Bosco Ntaganda, kamanda katika kundi lile lile la Lubanga, alipatikana na hatia Julai 2019, ikiwamo ya kubaka na kuwatumikisha kingono watoto wa jeshi lake mwenyewe. Ni kweli. Vita vyenyewe vilikuwa vya mwaka 2002 na 2003. Msichana aliyekuwa na miaka 13 kambini, siku hukumu hiyo inasomwa alikuwa anakaribia 30.