Kama unatafuta ukimya, usipande Sri Pada

Saa nane za usiku nipo kwenye ngazi za Sri Pada kule Sri Lanka, mlima ambao kila nilipousoma naambiwa ni mtakatifu, nategemea kusikia upepo na labda bundi, halafu nasikia spika. Spika hasa, zile za maharusi ya uswahilini, zinatoa maombi ya Kibudha, na duka la chai la jirani nalo limefungulia miziki yake, kuna mtoto analia anataka biskuti, kuna kundi la wamama mmoja anaanzisha wengine wanaitikia kama wako kwenye dhikri, na babu mmoja kajilaza kwenye benchi anakoroma bila wasiwasi. Mie nahema, hapo nina ngazi mia tano tu na zote zinakaribia elfu tano na mia tano, nikacheka peke yangu. Yaani nimetoka Tanga kutafuta utulivu nikaikuta Tanga ile ile, imeongezewa baridi tu.

Ndo maana naandika hii. Siku hizi vijana wetu nao wanajichanga, mtu anakusanya hela mwaka mzima anaweka begi mgongoni anaenda Thailand, Nepal, Sri Lanka, na mie naunga mkono kwa asilimia mia, tembea uone. Ila kuna kitu kinaniudhi. Zile video. Dada kafumba macho mbele ya stupa, lile kuba la ibada la Wabudha, filimbi inalia taratibu, maandishi chini yanasema kajipata. Ukiziangalia nyingi unaweza kudhani nchi nzima imekaa kimya inakusubiri wewe ufike. Hakuna kitu kama hicho bwana. Huko kuna watu, wana haraka zao, wana madeni yao, wanamswaga mtoto aoge waende hekaluni kabla jua halijawa kali, na mie naona hicho ndo cha kufuata, huo ukimya waachie wenye mahoteli wauze.

Nilitua Colombo mwezi wa pili (kadi ya homa ya manjano mfukoni, usiisahau ile), nikalala siku mbili, Ijumaa nikaswali Pettah kwenye ule msikiti mwekundu wa mistari wa tangu 1909 ambao ukiuona kwa mbali unadhani ni keki, kisha nikapanda basi la Kandy. Sasa basi lao ni daladala kabisa. Konda ananing'inia mlangoni anataja vituo mpaka sauti inakauka, mbele kwa dereva kuna picha ya Budha na taa za rangi zinawaka na kuzima, pembeni yake kaweka na mungu wa Kihindu kwa usalama zaidi, mziki juu. Nikaona siti ya mbele tupu, nikashangaa watu wamesimama wanaiangalia tu, nikasema hawa vipi, nikakaa na begi langu mapajani. Vituo viwili mbele akapanda mtawa, kijana tu, vazi la rangi ya chungwa na simu kubwa mkononi, basi zima likanigeukia. Konda akanigusa bega, "malli, malli", akanionyesha maandishi juu ya dirisha, siti ya viongozi wa dini. Niliinuka nimeloa jasho la aibu. Malli baadaye nikajua ni mdogo wangu, mkubwa wako ni aiya, dada mkubwa akka, bibi ni achchi, huko nako humwiti mtu mzima jina lake kavu kavu, na kuanzia siku ile nilipoanza kuwaita watu aiya na akka bei za matunda zilishuka zenyewe.

Njiani dereva akasimama kwenye kihekalu cha barabarani, konda akaruka chini, akatia sarafu kwenye kisanduku, akaunganisha mikono sekunde mbili, akarudi mbio basi likiwa linaondoka. Hakuna aliyepiga picha. Kwangu ile ndo ilikuwa ibada ya kwanza niliyoiona na mpaka leo ndo naikumbuka kuliko ya hekalu kubwa.

Hekalu kubwa lenyewe ni la Jino, Sri Dalada Maligawa, hapo hapo Kandy pembeni ya ziwa. Wanaamini kuna jino la Budha mle. Hulioni, unaona kasha la dhahabu kwa mbali, na kasha lina kasha ndani na lile lina lingine. Getini ukaguzi ni mkali na usiwalaumu, mwezi wa kwanza 1998 lilipigwa na lori la mabomu wakati wa vita yao na waasi wa Tamil Tigers. Sasa mie nimevaa barakashia yangu, nimevua viatu vizuri kabisa nimevikabidhi, mlinzi ananiambia vua na kofia. Nikasita kidogo, maana miye nimelelewa kofia ndo heshima, kichwa wazi mbele ya wazee ni utovu. Kwao kinyume chake. Miguu tunakubaliana, kichwa tunapishana! Nikavua nikaikunja mfukoni, mlinzi akatabasamu akasema kitu sikukielewa.

Jioni milango ya juu inapofunguliwa kwa ibada zinapigwa ngoma mle chini, na pamoja na ngoma kuna kitu wanaita horanewa, kinapulizwa. Nilisimama mdomo wazi. Ile ni zumari. Zumari kabisa, ile sauti ya puani inayokwaruza, kama umekulia Pwani huwezi kukosea. Watu wanasukumana wamebeba maua ya yungiyungi, harufu tamu, jasho, bibi nyuma yangu ananisukuma kwa kiwiko apite. Utulivu upo wapi hapo? Ila nilikuwa na raha ambayo sijui niielezeje.

Kuhusu picha niseme kidogo kwa sababu hapa nasi tunaanza kuwa wabaya. Usimpe Budha mgongo ukapiga selfi. Wenyewe hawalichukulii poa hata kidogo, 2012 kuna watalii Wafaransa walipelekwa mahakamani kule Galle kwa picha za kujifanya wanabusu sanamu, na 2014 mtalii wa Kiingereza alikamatwa na kurudishwa kwao kwa ajili ya tatuu ya Budha mkononi, ingawa huyu baadaye mahakama ilimpa haki yake akalipwa fidia. Unaweza kusema wanazidisha. Mie nilisema hivyo, halafu nikakumbuka tunavyolalamika wageni wanapokatiza Mji Mkongwe na vichupi wakati watu wanatoka kuswali. Basi nikanyamaza. Nilikuwa nimeshamlenga simu mtawa mtoto wa miaka kama tisa anakula aiskrimu, picha kali kweli kweli, nikaishusha. Mtoto wa watu yule.

Na kuna hili ambalo wenye video hawaligusi kabisa, hadithi ya dini ya amani. Mie sina ugomvi na mafundisho, nimesoma kidogo, yana hekima. Lakini nchi ni nchi. Sri Lanka wamepigana wao kwa wao kuanzia 1983 mpaka 2009. Mwaka 2014 maduka na nyumba za Waislamu zilichomwa Aluthgama, 2018 ikawa zamu ya vitongoji vya Kandy hiyo hiyo niliyokuwa nashangaa zumari, na kuna watawa wa siasa kali walikuwa mstari wa mbele kuchochea. Katikati hapo nao wenzetu wachache wakafanya yao, Pasaka ya 2019 wakalipua mabomu makanisani na mahotelini, zaidi ya watu 250 wakafa, na Waislamu wa kawaida ndo waliolipa. Wakati wa korona serikali ililazimisha kila maiti ya korona ichomwe moto, mpaka mwanzoni mwa 2021 ndo wakaruhusu kuzika. Hebu fikiria unaambiwa hivyo kuhusu mama yako. Nilikula kwenye hoteli ya mzee mmoja wa Kiislamu pale mjini, nikamuuliza ya 2018, akazungusha kikombe chake muda mrefu, akasema tu kuwa jirani yake Mbudha ndiye aliyesimama mlangoni pake ule usiku. Halafu akaniongezea mchuzi bila kuniuliza. Sasa nenda kamwambie huyo kuhusu amani ya Mashariki. Ana habari zote mbili, ya waliochoma na ya aliyesimama, na mie naona msafiri anayerudi na moja tu kati ya hizo kadanganywa au kajidanganya.

Chakula sitakimaliza kwa hiyo nakipitia juu juu. Wanakula kwa mkono wa kulia. Nazi wanaikuna kwenye mbuzi. Wana vibibi wanaviita appa, kingo zimekauka katikati laini, wanakuvunjia yai humo. Pilipili zao ni adhabu.

Haya, turudi mlimani. Kutoka Kandy ni treni mpaka Hatton, inapanda kwenye mashamba ya chai mpaka ukajiona uko Usambara, kijani kile kile na ukungu ule ule, na wachumaji ni wamama wa Kitamil ambao mababu zao Waingereza waliwaleta kutoka kusini mwa India. Unaweza kuona mazingira mazuri, unaweza kuona pia nyumba zao za mabati zilizopangwa mstari kama za manamba wa mkonge. Mtu wa Tanga anaona vyote viwili, hana jinsi. Halafu mabasi mpaka kijiji cha Dalhousie, unalala saa chache, unaamka usiku.

Kwa nini mlima huu? Kileleni, mita 2,243, kuna unyayo kwenye jiwe. Wabudha wanasema wa Budha, Wahindu wanasema wa Shiva, Wakristo wapo wanaosema wa Mtakatifu Tomaso, na sisi, aah, sisi ustadhi alitufundisha chuoni tukiwa wadogo kabisa, Nabii Adamu alipotolewa peponi alishushwa Sarandibu na Bi Hawa akashushwa Jidda. Sarandibu ndo hapo! Nilikuwa najua jina la mahali hapa kabla sijajua ramani. Na Ibn Battuta, msafiri yule yule wa zamani aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, mwaka 1344 alipanda mlima huu huu, akaandika habari za minyororo iliyofungwa kwenye jabali watu washikilie. Mombasa aliandika kwamba watu wanatembea peku na kila mlango wa msikiti una kisima, unaosha miguu ndo unaingia. Nikawaza, huyu mzee kazunguka dunia nzima anaangalia miguu ya watu.

Kwenye ngazi unakutana na kila aina ya binadamu. Kuna mahali watu wanafungua uzi mweupe na kuufunga, kwa sababu wanasema Budha alisimama pale kushona vazi lake, kwa hiyo unapita kwenye utando wa nyuzi maelfu, taa zinaziwakia, na hapo nilikaa kidogo. Bibi mmoja mkongwe wa miaka themanini hivi, kavaa nguo nyeupe tupu, peku, mjukuu kamshika mkono huku na huku kashika fimbo, anapanda ngazi tatu anapumzika, tatu anapumzika. Nikampita kwa majivuno. Nikakaa kunywa chai, akanipita. Nikampita tena, nikakaa tena, akanipita tena, safari hii kanitazama na kunipa kipande cha sukari guru bila kusema kitu, kama unavyompa mtoto. Tulifika pamoja! Miye na buti zangu za mlimani nilizoazima.

Juu hamna nafasi. Baridi imeingia mpaka kwenye meno, viatu unavua, sakafu kama barafu, watu wamejifunika mablanketi wamebanana wanasubiri jua. Unyayo wenyewe umefunikwa, uko ndani ya kijumba, unapita kwa foleni unainama. Kuna kengele, unaigonga mara moja kwa kila safari uliyowahi kupanda. Mie nikagonga yangu moja. Bibi naye akaanza, mjukuu anamhesabia kwa vidole, nilifika kumi na tisa nikapoteza hesabu kwa sababu jua lilichomoza na ngoma na zumari zikaanza na kila mtu akapiga kelele sadhu sadhu, na upande wa pili kivuli cha mlima kikalala juu ya mawingu, pembe tatu iliyonyooka kama imechorwa na rula. Nilisoma dua yangu ya asubuhi pale pale, nimekanyaga soksi zilizolowa, nimebanwa kati ya bibi na Mjerumani aliyekuwa anatafuta sehemu ya kufanya tafakuri na hakuipata.

Kushuka ndo kubaya, hakuna anayekwambia. Magoti yalianza kutetemeka kwenye ngazi ya elfu moja, ikabidi niwe nashuka ubavu kama kaa, na wanaopanda wananiambia karunawai, ile baraka wanayopeana njiani, na mie najibu karunawai huku nimeshika ukuta. Kwa siku mbili choo cha kuchuchumaa pale hosteli kilikuwa mtihani mkubwa kuliko mlima.