Fundi wa Vitanda na Shingo ya Gitaa Langu

Ukimpelekea fundi wa vitanda gitaa lililovunjika shingo, atakurudishia gitaa lenye nguvu za kitanda. Hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, mwenye gundi nzuri na randa kali ndiye yule wa kando ya barabara, atengenezaye milango, vitanda na, siku za huzuni, masanduku ya wafu. Harusi ya binamu yangu ilikuwa Jumamosi. Shingo ilivunjwa na mtoto wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyekalia gitaa akila karanga. Hayo tuyaache.

Ba fundi aligeuzageuza vipande, akatema mate. "Hii mti ilikuwa ya bule. Miye nitakutilia mulombwa, haitavunjika tena."

Kwa jambo moja namvulia kofia. Alikibandua kile kibao cha juu chenye vyuma kwa kisu cha moto, akakigandisha kwenye mti mpya. Nafasi kati ya vyuma vile hupangwa kwa hesabu kali. Ukikosea kidogo tu, gitaa zima linaimba uongo. Kwa hiyo sauti ilibaki sawa, na upana pale nyuzi zinapoanzia ulibaki milimita 43 kama zamani. Ila unene! Shemeji yangu wa gereji alileta kipimo chake: milimita 34 kwenye chuma cha kwanza, mahali ambapo magitaa mengi yana 20 hadi 23. Nilikuwa nimeshika mpini wa jembe wenye nyuzi sita. Watengenezaji huyataja maumbo ya mgongo wa shingo kwa herufi: C, D, U, V. La kwangu lilikuwa herufi isiyofundishwa shuleni.

Nikarudi kulalamika.

"Mwana, ulisema isivunjike. Imevunjika?"

"Apana, ba fundi, lakini mukono haifike."

"Mukono njo yako. Mti njo yangu."

Nikamwuliza ile fimbo ya chuma iliyokuwa ndani ya shingo iko wapi. Akanionyesha banda lake la kuku: imekuwa komeo. Nikakosa la kusema, maana hapo hoja ilikuwa yake. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, na fimbo hiyo ndiyo huzuia shingo isipinde. Kampuni ya magitaa ya Gibson ilipata hataza yake mwaka 1923, na tangu hapo shingo zikaweza kukonda. Fimbo ikiwa inalinda kuku, lazima mti ujaze nafasi yake.

Jumamosi umeme ukakatika, gitaa la umeme la bendi likanyamaza, macho yote yakanigeukia. Baba wa bibi harusi, sahani ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu) mapajani, akaagiza: "Mwanangu, tupigie ya Mwenda." Kwa wazee wa umri wake mpiga gitaa ni mmoja tu, Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo.

Basi elewa shida yangu. Gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni lina upana wa milimita 52, na wapigaji wake hawalii, kwa sababu dole gumba lao linatulia nyuma ya shingo. Mimi hukamata shingo kwa kiganja kizima, na dole gumba huchungulia kwa juu kubana besi ya fa. Kwenye mulombwa lile, dole gumba halikuchungulia kitu. Na kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni! Niliitanua mpaka springi yake ikalia, ikauma shingo kwa ncha za meno.

Ubeti wa pili ikafyatuka. Ikapita juu ya shela la bibi harusi, ikatua katikati ya sombe. Mzee hakuiona ikija. Aliichota pamoja na tonge, akaitafuna mara moja, akaitoa, akailamba, akaitazama kwenye mwanga wa mshumaa. "Hii samaki njo ya wapi?"

Ningecheka, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshikwa na msuli. Vidole vimegandia kwenye fa, havifunguki. Watu wakanibandika matabishi, noti za kumtuza mpigaji, kwenye paji la uso wakidhani ni mbwembwe. Kisha mama wa bibi harusi akaninyooshea mkono. Heshima inataka umpe wa kuume huku wa kushoto ukishika kiwiko chako. Wangu ukabaki hewani, umekunjwa kama wa kunguru. Shangazi mmoja akasema wanamuziki wana kiburi.

Jumatatu ba fundi alikubali kupunguza. Alipiga randa, akaniambia "kamata," akapiga tena, "kamata," mpaka milimita 26. Hapo akagoma, kwa ajili ya kuku, nami nikamwelewa: nimefunga nyuzi nyembamba na kuzilegeza nusu sauti. Halafu akanitoza bei ileile ya mara ya kwanza.

"Ba fundi, si umetoa tu?"

"Kutia mti njo kazi. Kutosha mti njo kazi."

Makapi ya randa aliyabakiza yeye. Kuku wanayalalia.