Mvueni babu yangu jina la Léopold

Jumamosi iliyopita nilikuwa pa kilio huko Katuba, hapa Lubumbashi. Marehemu alikuwa mzee wa sala, fundi mwashi aliyejenga nyumba nyingi za mtaa ule. Msemaji wa familia akasimama chini ya hema na karatasi mkononi, akaanza kusoma maisha yake: alizaliwa kijiji gani, alioa lini, ameacha watoto wangapi, wajukuu wangapi. Kisha akapandisha sauti: "Na alikuwa Chevalier wa Ordre ya Léopold II!" Yaani alikuwa na nishani ya Ubelgiji yenye jina la mfalme Léopold wa pili. Hema zima likapiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani.

Simlaumu marehemu, Mungu amweke pema. Kwetu pia kitu hicho kipo. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya wakoloni, akaenda kupigana na Waitalia huko Abisinia (Ethiopia) mwaka 1941. Alikuwapo kule Saïo mwezi wa Julai, jenerali wao Gazzera aliposalimu amri. Nishani yake ni ya shaba, imefungwa katika leso ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha shangazi. Alipokuwa hai alituonyesha mara moja kwa mwaka, tena lazima tunawe kwanza. Alitusimulia homa, njaa, mwendo wa majuma na majuma, na wenzake waliozikwa njiani bila jeneza. Alitaja majina yao mmoja mmoja. Jina la Léopold sikumsikia akilitaja hata siku moja.

Ndiyo maana yale makofi yalinichoma.

Tumtazame huyu ambaye jina lake tunalishangilia misibani. Léopold alizaliwa mwaka 1835, vyeo vikiwa vinamngoja. Kwa damu tu alikuwa Duke wa Saxony na mwana wa mfalme wa ukoo wa Saxe-Coburg na Gotha. Alipokuwa na miaka mitano akafanywa Duke wa Brabant. Baba yake alipokufa mwaka 1865 akawa Mfalme wa Wabelgiji. Vyote hivyo alirithi au alipewa na wakubwa wake. Cheo kimoja ndicho alichokihangaikia mwenyewe mpaka akakipata: mwaka 1885 akajiita Roi-Souverain wa État Indépendant du Congo, Dola Huru ya Kongo. Mwenye nchi. Na katika nchi hiyo hakukanyaga hata mara moja mpaka kufa kwake.

Mfalme mpya akataka nishani zake. Mwaka 1888 akaanzisha Nyota ya Afrika. Mwaka 1891 Nishani ya Simba. Mwaka 1897 Nishani ya Taji. Mwaka 1900 ikaja ile yenye jina lake mwenyewe. Zote nne alizianzisha kama mfalme wa Kongo, kuwapongeza waliomtumikia katika kazi yake ya huku.

Kazi gani? Sisi wa Katanga hatuna haja ya kwenda mbali. Nishani ya Simba ilianzishwa mwezi wa Aprili 1891. Tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, kule Bunkeya, Mwami M'Siri, mfalme wa huko, alipigwa risasi na kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Léopold, kwa sababu alikataa bendera ya Léopold. Kichwa chake kikakatwa. Najua mtaniambia M'Siri naye hakuwa malaika, na ni kweli. Aliiteka nchi, aliuza watu na pembe za ndovu, na Wasanga, kabila alilolitawala, walikuwa wameshamwasi. Sawa. Lakini cheo chake cha Mwami kipo mpaka leo, kinabebwa na uzao wake, na kila tarehe 20 Desemba watu hukusanyika Bunkeya kumlilia. Huyo wa Brussels nani huku anamlilia?

Sasa ile ya Taji, ya mwaka 1897. Imeandikwa "Travail et Progrès", kazi na maendeleo. Miaka hiyo, kule kaskazini, vijiji vilikuwa vinapimiwa utomvu wa mpira, na asiyetimiza anachukuliwa mke, anachapwa, anakatwa mkono. Ipo picha ya mwaka 1904 aliyoipiga Alice Seeley Harris. Mtu mmoja, Nsala wa huko Wala, ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa bintiye Boali, mtoto wa miaka mitano. Ni vyote vilivyobaki vya mtoto wake. Walinzi wa kampuni ya mpira ndio waliomuua. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara naangalia namna baba yule alivyoketi, mgongo umeinama, hagusi kitu. Kisha nafikiria maneno yale mawili, kazi na maendeleo, yakining'inia kifuani mwa mtu.

Kuna jambo zito zaidi, nami nalisema kwa uchungu. Jeshi la babu yangu liliundwa na Léopold huyohuyo, na ni askari wake waliotumwa vijijini kuleta mikono iliyokatwa. Babu aliingia jeshini miaka mingi baadaye, hakumkata mtu. Lakini nishani ile inamweka mstari mmoja na waliokata. Hakustahili kuwekwa hapo.

Mwaka 1908 Wabelgiji walimnyang'anya Léopold ile nchi kwa aibu ya dunia nzima. Nishani hawakumnyang'anya. Ya Taji na ile ya Léopold II waliziingiza katika nishani za taifa lao, na mpaka leo zinatolewa. Mwaka 2020 sanamu yake kule Ekeren, Antwerp, iliondolewa. Jina kifuani limebaki.

Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja. Siku aliyozungumza hapa kwetu, Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, tayari alikuwa amemvika mzee Albert Kunyuku Nishani ya Taji kule Kinshasa. Mzee alikuwa na miaka 100, wa mwisho kati ya askari wetu wa vita vya pili. Nilifurahi kumwona mzee yule akiheshimiwa, siwezi kuficha. Alistahili hata zaidi, na alistahili mapema zaidi. Lakini ni nishani gani walimchagulia! Mfalme aliyekuja kusema anajuta alimvika mzee wetu kitu kilichobuniwa mwaka 1897 na mwenye nchi yule.

Ninaambiwa: ni jina tu. Waniambie hivyo mahali pengine, si katika mji huu. Sisi tuliitwa Élisabethville, kwa jina la malkia mke wa Albert wa kwanza, mpaka mwaka 1966. Jina likabadilika na shaba haikutoroka ardhini. Na Wabelgiji wenyewe wanajua uzito wa jina. Mfalme Baudouin alipokuja mwaka 1955, kijana ambaye hajafika miaka 25, watu walimwita Mwana Kitoko, kijana mzuri. Wakubwa wa serikali wakaona mfalme hawezi kuitwa mwana na watu weusi, wakageuza: Bwana Kitoko. Herufi chache tu, lakini waliona zinastahili kusahihishwa.

Basi na hizi zisahihishwe. Nishani iitwe jina jingine, na familia zenye ile ya zamani zipewe karatasi mpya inayotaja kazi aliyofanya mzee wao na mahali alipoifanyia. Wala tusingoje Brussels. Karatasi inayosomwa pa kilio tunaiandika wenyewe.

Mwezi ujao tuna misa ya kumkumbuka babu. Nimeandika mstari wake: "Alipigana Saïo, 1941", na chini yake majina ya wenzake, yale niliyoweza kuyakumbuka. Shangazi amesoma, akanyamaza kitambo. Akasema nimesahau wawili, akachukua kalamu.