Fundi akikwambia uzime antivirasi

Watu wanaoniomba ushauri wa kulinda kompyuta ya nyumbani huanza na swali moja: ninunue antivirasi gani? Mimi huwauliza kwanza Windows yao ilipigwa na nani. Hapo wengi hucheka, kisha wananyamaza.

Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa mijini kwetu huja zikiwa "full": Windows, Office, Photoshop, na antivirasi juu yake, vyote vimekrakiwa, yaani kufuli ya leseni imevunjwa ili vitumike bila kulipiwa. Simgombezi mnunuzi. Mtu amejibana miezi kupata mashine, leseni halali ataitoa wapi? Ninachogombana nacho ni hatua moja tu anayoifanya fundi, nayo ni kuzima antivirasi ili kraki iingie. Maelekezo ya kraki nyingi yanasema hivyo waziwazi, mengine kwa herufi kubwa, na fundi atakuhakikishia kwamba Windows inapiga kelele za bure. Wakati mwingine ni kweli. Tabu ni kwamba si wewe wala yeye mwenye namna ya kujua ni lini, na aliyeitengeneza hiyo kraki hana jina wala anwani.

Desemba 2021, kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi KMSPico bandia (KMSPico ni ile kraki ya Windows na Office ambayo mafundi wengi wanaijua) zilivyokuwa zikipandikiza Cryptbot, kirusi kinachozoa nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari. Ndugu yake mbaya zaidi anaitwa STOP, au Djvu, na amekuwa akitembea ndani ya kraki tangu 2018. Huyu hafuati benki wala wizara, anafuata watu kama sisi. Picha za harusi, tasnifu, hesabu za duka, yote anayafunga kwa fumbo, halafu anakuachia barua ya kudai fidia: kwa miaka mingi ilikuwa dola 980, au nusu yake ukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Ukilipa, huna uhakika wa kurudishiwa kitu. Kabla ya kukata tamaa angalia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Ina funguo za bure kwa baadhi ya virusi vya aina hii, ila si kwa vyote.

Sasa masasisho ya Windows. Tunayazima kwa sababu yanakula bando, na hiyo ni sababu ya kweli, isibezwe. Lakini kumbukeni WannaCry, kirusi kingine cha kufunga mafaili na kudai fidia. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la Windows kilimopitia tarehe 14 Machi 2017; kirusi kikaanza kusambaa 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Kikaingia nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi. Mashine zilizokuwa zimesasishwa kilizipita bila kuziingia. Kwa hiyo pangeni: masasisho makubwa ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu Afrika Mashariki ni saa mbili au saa tatu usiku. Nunua bando la usiku mara moja kwa mwezi, acha mashine ijisasishe, siku nyingine iwekee kikomo cha data.

Na antivirasi? Defender iliyomo ndani ya Windows inamtosha mtu wa nyumbani, mradi usiizime. Antivirasi iliyokrakiwa naiona kama kumwajiri mlinzi aliyeingia kwa kuruka ukuta.

Virusi vya flashi za steshenari kila mtu anavijua: unakwenda kuchapisha CV, unarudi mafolda yamegeuka shotikati. Tuma CV kwa barua pepe, umalize. Na nakala za vitu vyako muhimu ziweke kwenye diski ya nje, ukimaliza kunakili uichomoe. Kirusi kama STOP kikiingia, diski inayokaa imechomekwa nayo itafungwa pamoja na mashine.

Kuna jambo jipya linalonisumbua zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na laptopu nyingi zilizotumika zilizojaa madukani hazifikii masharti ya Windows 11, ambayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa zisizo za zamani sana. Mafundi tayari wanapiga Windows 11 kwa kuyaruka masharti hayo, na Microsoft haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Kwa mashine kama hizo mimi napendekeza Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows. Ni bure na ni halali, haihitaji kraki, na programu yake ya ofisi, LibreOffice, inafungua nyaraka zako za Word, ingawa zenye majedwali mengi huweza kuvurugika kidogo. Photoshop hutaipata humo. Mwanafunzi anayeandika ripoti na mama anayetunza hesabu za duka hawaihitaji.