Msimkalishe Bibi: yale ambayo panya na bata mzinga wametuonyesha kuhusu mifupa

Kampala imejaa watoto wema. Mtu akipata kazi, akajenga Kira au Najjera, jambo la kwanza analofikiria ni kumleta mama yake kutoka kijijini. Mama huyo amelima Kasese au Masindi maisha yake yote, amebeba jerikeni ya lita 20 kichwani, amepanda na kushuka kilima akiwa na mtoto mgongoni. Sasa anaambiwa, "Mama, umechoka, kaa upumzike." Anawekewa kiti kizuri, runinga, na dada wa kazi ambaye hata kikombe hamwachii akioshe. Majirani wanasifu, wanasema mama yule amezaa. Mimi nasema pumziko hilo ni hatari. Ushahidi wake upo tangu zamani, umetoka kwa wanyama waliolipa gharama kubwa ili tuupate, na bado haujafika sebuleni kwetu.

Wengi wetu tunauona mfupa kama kitu kikavu ambacho kikishakomaa kimekwisha. Sivyo. Mfupa ni hai, unabomolewa na kujengwa upya maisha yote. Zipo seli zinazoumega na zipo zinazoujenga, na mwendo wao haulingani: sehemu ndogo iliyobomolewa kwa wiki mbili au tatu huchukua miezi kujazwa tena. Mwaka 1892 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alichapisha kazi yake iliyoeleza kwamba mfupa hujipanga kufuata uzito unaoubeba. Mwaka 1987 Mmarekani Harold Frost akaeleza utaratibu huo kwa undani: mzigo ukishuka chini ya kiwango fulani mfupa hupunguzwa, ukipanda juu ya kiwango kingine huongezwa.

Anayepima mzigo huo ni seli ziitwazo osteosaiti, ambazo ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa wa mtu mzima. Zimezikwa ndani ya mfupa wenyewe na kuunganishwa kwa vijinyuzi vyembamba mno. Kila ukikanyaga, mfupa unapinda kidogo sana, nazo zinahisi. Usipokanyaga zinatoa kwa wingi protini iitwayo sklerostini, ambayo huwazuia wajenzi kufanya kazi. Panya waliozaliwa bila jeni ya kutengeneza protini hiyo waliponyimwa kukanyaga chini, mifupa yao haikupungua kama ya wenzao. Ugunduzi wa protini hii ndio uliozaa dawa ya romosozumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake waliokoma hedhi ambao mifupa yao iko katika hatari kubwa ya kuvunjika.

Jaribio ninalolifikiria zaidi lilianzia miaka ya 1970 katika kituo cha Ames cha NASA, shirika la anga la Marekani, huko California, ambako Emily Morey-Holton na wenzake walitaka kujua nini huwapata wanaanga. Panya huinuliwa sehemu ya nyuma, kwa kawaida kwa kushikiliwa mkia, hadi miguu ya nyuma isiguse sakafu. Ya mbele inaendelea kutembea. Anakula, anakunywa, anazunguka kizimba chake. Baada ya wiki chache tu, mifupa ya miguu ya nyuma imepungua, hasa sehemu ya ndani iliyojaa vijiti vidogo vilivyosukana karibu na viungo. Kwa wanaanga wenyewe ilionekana hivyohivyo: kwenye nyonga hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa kwa kila mwezi wanaokaa angani, na hao ni watu wenye afya waliochaguliwa kwa umakini.

Panya huyo haumwi kitu. Anapewa chakula kilekile chenye kalsiamu ileile anayopewa mwenzake anayekanyaga chini. Nalisisitiza hili kwa sababu tukisikia mifupa dhaifu tunakimbilia chakula: mpe Jaja (bibi) maziwa, mpe mukene, vile vidagaa vya ziwani, mpe vidonge. Navyo vinafaa, mukene hasa, maana huliwa na mifupa yake. Lakini chakula ni matofali, na matofali yakimwagwa kwenye kiwanja kisicho na fundi hayapandi ukuta yenyewe. Kinachomwita fundi ni mzigo.

Tena nguvu ya mfupa si uzito wake tu. Watafiti hutoa mfupa wa paja la panya, huuweka juu ya nguzo mbili na kuukandamiza katikati hadi uvunjike, kisha hulinganisha na picha za eksirei za kompyuta zinazoonyesha kila kijiti cha ndani. Kijiti kikiwa kimekonda, kinaweza kunenepa tena. Kikishakatika na kuachana na jirani yake, wajenzi hawana pa kushikia, na kwa kawaida pengo hilo hubaki. Uzee huongeza mengine: ukuta wa nje hukonda, shimo la uboho hupanuka, vitundu huongezeka, na kolajeni, protini inayoupa mfupa unyumbufu, hukakamaa.

Sasa niseme kuhusu bata mzinga, maana wao ndio walionifanya niandike. Kwanza, mwaka 1984, Clinton Rubin na Lance Lanyon walichapisha majaribio ya bawa la ndege lililotengwa lisitumike kabisa, kisha likapewa mzigo kwa mashine. Mapigo 36 tu ya mzigo kwa siku yalitosha kuongeza mfupa, na kuyazidisha hadi mamia hakukuleta faida kubwa zaidi. Habari njema. Lakini mwaka 1992 Rubin na wenzake walitoa matokeo mengine. Walichukua bata mzinga wa mwaka mmoja na wengine wa miaka mitatu, wakawapa mzigo uleule kwa wiki nane. Kwa wale wachanga eneo la mfupa liliongezeka kwa takriban asilimia 30. Kwa wale wakubwa, hakuna ongezeko. Mzigo ule uliowaamsha wajenzi wa kijana haukuwaamsha wajenzi wa mzee.

Huko Ottawa, Kanada, Zbigniew Jaworski na Hans Uhthoff walikuwa wameshafunga miguu ya mbele ya mbwa wa aina ya beagle kwa plasta, vijana na wazee, kisha wakawafungulia baadhi yao watembee tena. Mbwa walirudi kutumia mguu, ila mfupa haukurudi wote, na kadiri mguu ulivyokaa muda mrefu ndani ya plasta ndivyo kilichorudi kilivyozidi kuwa pungufu. (Dubu weusi wa Marekani hulala miezi kadhaa ya baridi na kuamka na mifupa yao imara. Sisi hatukupewa hiyo.)

Ukiviweka pamoja, utaona kwa nini nina wasiwasi. Kijana wa boda boda akivunjika mguu akakaa bila kuukanyaga, anapoteza mfupa, lakini ana nafasi nzuri ya kuurudisha. Mama wa miaka 70 aliyeketishwa kwa upendo anapoteza mfupa uleule, juu ya ule ambao umri na kukoma kwa hedhi vimekwisha kuuchukua, na njia ya kurudi kwake ni nyembamba zaidi. Anaonekana hana tatizo, amenenepa kidogo, ngozi imeng'aa. Siku moja anateleza bafuni kwenye vigae na shingo ya paja inavunjika. Familia inasema ni bahati mbaya, au kuna mtu ana mkono wake. Mimi naona pia ile miaka ya kiti.

Najua panya si binadamu. Anatembea kwa miguu minne, mifupa yake huendelea kukua hata baada ya kukomaa, na ukuta wa mfupa wake haujirekebishi kwa namna ileile kama wetu. Bata mzinga ndiyo kabisa. Ndiyo maana sisemi kwamba mfupa wa mzee ni kiziwi. Huko Australia, utafiti uitwao LIFTMOR, uliochapishwa mwaka 2018, uliwachukua wanawake waliokwisha kukoma hedhi wenye mifupa dhaifu, wakanyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya uangalizi wa karibu, kwa miezi minane. Mfupa wa uti wa mgongo uliongezeka kwa takriban asilimia 3, huku wa wale waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ukipungua. Kwa hiyo mfupa mkongwe husikia, ila unataka kuitwa kwa sauti kubwa zaidi, tena na mtu anayejua anachofanya. Kujenga upya uzeeni ni kazi ngumu na ya gharama. Kutobomoa ni rahisi zaidi, na hapo ndipo sisi tuna uwezo.

Tena lipo jambo linalonifurahisha sana katika majaribio ya panya. Alexander Robling na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2002, waliwapa panya mapigo 360 ya mzigo kwa siku. Kundi moja liliyapata yote kwa mkupuo, lingine likayapata 90 mara nne, na mapumziko ya saa kadhaa katikati. Mifupa ya kundi la pili iliimarika zaidi, maana seli zile za kuhisi huzoea mzigo zikapunguza kuitikia, na zikipumzishwa hupata usikivu wake tena. Sasa itazame siku ya bibi kijijini. Anaamka anafagia. Anaketi. Anakwenda kutazama mbuzi. Anaketi anamenya matooke. Anainuka kuchuma mboga, anapanda kwenda kwa jirani, anarudi. Hakuna aliyempangia, lakini ratiba ile inakaribia zaidi kile ambacho panya walihitaji kuliko saa mbili za mazoezi na siku nzima ya kochi.

Wataniambia mama amechoka kweli, magoti yanamuuma, na akianguka je? Sisemi abebe tena jerikeni. Aliyekwisha kuvunjika uti wa mgongo au anayeona kizunguzungu aonwe kwanza na mtaalamu. Nasema aachiwe kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, hata kama ni magunia manne ya udongo yaliyopandwa sukuma wiki. Aachiwe kwenda sokoni kwa miguu. Apande ngazi akiwa ameshika ukuta. Bafuni pawekwe chuma cha kushika na mkeka usioteleza, badala ya kumzuia kutembea kwa kuogopa bafu. Na yule mtoto anayeona aibu kwamba majirani watasema anamtumikisha mama yake, aibu hiyo aibebe yeye, asimbebeshe mama.

Hospitalini ndiko linaniuma zaidi. Katika wodi zetu, mzee aliyevunjika paja anaweza kulala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzani ulioning'inizwa kwenye kamba, akisubiri upasuaji ambao familia inachangishana kuulipia. Kila wiki ya kusubiri ni wiki ya panya aliyeinuliwa miguu. Upasuaji wa nyonga kwa mzee haupaswi kuwekwa foleni moja na kuvunjika kwa kijana anayeweza kungoja. Wizara ya Afya inaweza kuliandika hilo kwenye miongozo yake, kwamba mzee apasuliwe mapema na ainuliwe kitandani mapema, na fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba, ianze akiwa bado wodini. Na siku anaporuhusiwa, ile karatasi yenye majina ya dawa iwe pia na mistari miwili mitatu kwa lugha ambayo wauguzaji wake wanaisoma: mara ngapi kwa siku asimame, lini aanze kukanyaga kwa uzito wote, na nani wa kumpigia simu akishindwa.